Mkataba Unaowafunga Wote Wawili

Bunduki kunyamaza ni jambo moja, na vita kwisha ni jambo jingine. Tuzitazame Ufaransa na Ujerumani, zilizopigana mara tatu katika muda wa miaka 70.

Mwaka 1871 Wajerumani walishinda. Walitangaza dola yao mpya katika jumba la Versailles, nyumba ya wafalme wa Ufaransa. Kisha kwa mkataba wa Frankfurt wakachukua Alsace na sehemu ya Lorraine, wakawatoza Wafaransa faranga bilioni 5. Wafaransa hawakusahau.

Vikaja vita vya 1914, ambavyo wazee wetu hapa Kenya walichukuliwa kubeba mizigo yake, na wengi hawakurudi. Safari hii Ujerumani ilishindwa. Tarehe 28 Juni 1919 mkataba ukatiwa sahihi katika ukumbi ule ule wa Versailles. Wajerumani hawakuketi mezani pamoja na washindi. Waliletewa maneno yaliyokwisha kuandikwa. Walinyang'anywa nchi, wakapunguziwa jeshi, wakabebeshwa deni. Basi uchungu ukahamia nyumba ya pili, na Hitler akautumia kujipatia wafuasi. Mwaka 1939 vita vikarudi. Juni 1940 yeye naye akawalazimisha Wafaransa kutia sahihi ndani ya behewa lile lile la gari la moshi ambamo Wajerumani walisalimu amri mwaka 1918.

Twaona nini hapa? Kila mkataba ulimfunga aliyeshindwa peke yake, naye akangoja siku yake.

Baada ya 1945 walishika njia nyingine. Mkataba wa Paris wa 18 Aprili 1951 uliweka makaa ya mawe na chuma cha nchi hizo mbili, pamoja na jirani zao wanne, chini ya mamlaka moja. Chuma ndicho hufua mizinga. Sasa ilikuwa vigumu mmoja kujiandaa kwa vita mwenziwe asijue. Mwaka 1963 de Gaulle na Adenauer wakaahidiana kwamba viongozi wakutane kila mara na vijana watembeleane. Mshindi alikubali kufungwa kwa kamba ile ile iliyomfunga mwenziwe. Hawajapigana tena hata leo.

Ndugu zangu, tukisikia kwamba mataifa yametia sahihi, tushukuru, kisha tuulize: mwenye nguvu naye amejifunga kwa lipi? Na tunapowapatanisha ndugu waliogombania shamba, tuulize vivyo hivyo.