Norman Cook: DJ aliyeufufua wimbo wa Asha

Norman Cook, maarufu kama Fatboy Slim, ni DJ wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1963. Alianza kwa kupiga gitaa la besi katika bendi ya The Housemartins. Mwaka 1990 kundi lake, Beats International, liliongoza chati za Uingereza.

Wapenzi wa nyimbo za Kihindi hapa Pwani wanamjua Asha Bhosle. Bendi ya Cornershop ilimsifu katika “Brimful of Asha”, wimbo ulioishia nafasi ya 60 mwaka 1997. Cook akauongeza kasi na mdundo. Februari 1998 ukawa namba moja. Mtunzi alibaki kuwa Tjinder Singh, lakini bila mkono wa Cook huenda wimbo ungesahaulika.

Mwaka 2002, watu wapatao 250,000 walifurika ufuoni Brighton kumsikiliza.