Amri ya Kuhifadhi Maandishi

Wahenga walinena: Mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuambia la kufanya daftari lenyewe linapopotea. Msiba huo umewapata waandishi wengi tangu kompyuta ilipoanza kutumiwa kuandikia, na historia ya amri ndogo iitwayo "hifadhi" ni historia ya watu waliojaribu kuuzuia.

Aandikaye kwa kalamu au kwa mashine ya kupigia chapa hana haja ya amri hiyo. Neno likishafika karatasini, limekwisha kaa. Kompyuta haiko hivyo. Ina mahali pawili pa kuweka maneno: kumbukumbu ya muda, iliyo nyepesi sana lakini hufutika mara umeme ukatikapo, na diski, iliyo nzito ya mwendo lakini hushika. Tuandikapo, maneno hukaa kwanza katika ile kumbukumbu ya muda. Basi kuhifadhi, kwa asili yake, ni kuyanakili maneno hayo katika diski.

Mwaka 1974, katika maabara ya kampuni ya Xerox mjini Palo Alto, Marekani, Butler Lampson, Charles Simonyi na wenzao walitunga Bravo, mojawapo ya programu za kwanza zilizoonyesha maandishi kiooni kama yatakavyokuwa karatasini. Bravo iliweka orodha ya matendo ya mwandishi. Mashine ikikwama, aliweza kuiamuru iyarudie toka mwanzo mpaka kazi irejee.

Lakini palikuwa na hatari ya pili. Kuhifadhi huweka maandishi mapya mahali pa yale ya kwanza, na ya kwanza hufutika. Mtu akifuta kurasa tatu kwa bahati mbaya, kisha akahifadhi, amri iliyokusudiwa kumwokoa ndiyo imemwangamiza. Kwa sababu hiyo WordStar, programu iliyoenea sana mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliacha nakala ya hati ilivyokuwa kabla ya kuhifadhiwa, ikaipa jina lenye herufi BAK mwishoni. Walifanya hivyo ingawa diski za siku zile zilikuwa na nafasi haba; hata diski ya Macintosh ya mwaka 1984 ilibeba kilobaiti 400 tu.

Baadaye wengine walisema: kwa nini mwandishi aamuru? Mwaka 2006 Google ilianza kutoa huduma ya kuandikia hati kupitia intaneti, ambamo kila badiliko hujihifadhi lenyewe. Mwaka 2011 Apple nayo ilileta desturi hiyo katika mfumo wake uitwao Lion, ikaiondoa amri ya kuhifadhi kwa jina jingine. Watumiaji walinung'unika, na mwaka 2012 amri hiyo ikarudishwa, japo kwa kufichwa kidogo.

Kwa nini walinung'unika? Mimi mwenyewe niliwahi kufungua mtihani wa muhula uliopita ili niugeuze uwe wa muhula mpya. Nilifuta maswali, nikaandika mengine, nikidhani ule wa kwanza u salama mpaka nitakapotoa amri. Kumbe programu ilikuwa ikihifadhi kila badiliko juu yake. Alipokuja mwanafunzi kupinga alama zake, sikuwa na swali la kumwonyesha. Siku hiyo nilifahamu kwamba kuhifadhi si kazi ya mashine tu, ni uamuzi wa mwandishi anaposema, "Hili nimelikubali."

Basi amri ya kuhifadhi yapasa iweje? Kwanza, programu ilinde kazi yetu bila kungoja kuambiwa, maana umeme haupigi hodi unapoondoka. Pili, isifute hati ya kwanza kabla mwenyewe hajaridhia, na impe njia nyepesi ya kurudi nyuma. Tatu, isitangaze kwamba imehifadhi mpaka maneno yamefika kweli mahali pa kudumu.

Mpaka leo alama ya amri hiyo katika programu nyingi ni picha ya diski ndogo ya mraba, ambayo vijana wengi hawajapata kuishika. Chombo kimepita, haja imebaki. Nawe, mwanafunzi, kabla hujaigeuza kazi ya jana, fanya nakala yake kwanza. Usiache mbachao kwa msala upitao.