Nani Angeshinda? Ngumi za Kompyuta na Daftari la Ujiji

Haya wandugu, leo siasa tuziweke pembeni, tuongee ngumi.

"Nani angeshinda kama...?" Swali hilo linatosha kumaliza jioni nzima kijiweni Mwanga, kahawa ikapoa na mtu asiondoke. Kama Marciano angekutana na Muhammad Ali? Kama Foreman asingechanika juu ya jicho? Kuna wanaosema hizo ni porojo za vijana wasio na kazi. Mimi nasema hiyo ni historia, ila imevaa glovu. Na kama ni historia, basi tuiulize maswali ya historia: nani aliandika? Nani hakuandikwa?

Tuanze na mashine. Mwaka 1967 mtayarishaji wa vipindi vya redio wa Miami, Murray Woroner, alibuni mashindano ya mabondia 16 wa uzito wa juu wa zama zote. Waliokufa na walio hai, wote ulingo mmoja. Waandishi wa ngumi waliulizwa maoni yao juu ya kila bondia: kasi, nguvu ya konde, uvumilivu, moyo. Majibu yakaingizwa kwenye kompyuta, mashine ikatoa pambano raundi kwa raundi, na mtangazaji akalisoma redioni kana kwamba analiona.

Bingwa akawa Rocky Marciano. Na Ali? Alitolewa na Jim Jeffries.

Hapo ndipo penye utamu, au uchungu. Jeffries alikuwa bingwa kuanzia 1899 hadi 1905, na muda wote alioushika ubingwa huo hakukubali kuutetea dhidi ya mtu mweusi. Aliporudi ulingoni mwaka 1910 kule Reno, Jack Johnson alimtwanga hadi raundi ya 15. Ndiye huyo mashine ikasema angempiga Ali! Ali akafungua kesi akidai dola milioni 1. Wakati huo alikuwa amenyang'anywa ubingwa na kufungiwa kwa kukataa kwenda vitani Vietnam. Ulingo wa kweli amefungiwa, na ulingo wa kufikirika nao anapigwa.

Kesi iliisha kwa maelewano, na kutoka hapo ikazaliwa filamu. Mwaka 1969 Ali na Marciano waliingia studio Miami wakapigana raundi nyingi fupi za kuigiza. Marciano alikuwa amestaafu tangu 1956 bila kupoteza hata pambano moja kati ya 49. Ilibidi apunguze mwili na avae nywele za bandia. Miisho kadhaa ilirekodiwa ili siri isivuje. Marciano alikufa kwenye ajali ya ndege tarehe 31 Agosti 1969, kabla hata ya kuona matokeo. Filamu ilipoonyeshwa Januari 1970, mashine ilikuwa imeamua: Marciano, kwa KO, raundi ya 13.

Tusidanganyane. Kompyuta ile haikuona pambano lolote. Ilipewa maoni ya watu wa Marekani ya miaka ya sitini, ikayarudisha kwa sauti ya mashine. Na mashine ikisema, watu huinamisha vichwa kama wamesikia hesabu ya kujumlisha.

Sasa tuje huku kwetu. Kinshasa na Kigoma ziko karibu latitudo moja. Katikati kuna ziwa na Kongo nzima. Tarehe 30 Oktoba 1974 kengele ya Ali na Foreman iligongwa Kinshasa kama saa kumi alfajiri, ili Wamarekani walitazame pambano usiku wao. Kwetu Kigoma ilikuwa kama saa kumi na mbili asubuhi, wavuvi wa dagaa wanaingiza mitumbwi Kibirizi.

Fikiria ungeiuliza kompyuta siku moja kabla. Foreman: miaka 25, mapambano 40, ushindi 40, KO 37. Ali: miaka 32, na alishapoteza mawili, kwa Joe Frazier na Ken Norton. Foreman hao hao wawili aliwamaliza ndani ya raundi mbili mbili. Ni mashine gani ingempa Ali? Ali akaegemea kamba, akamwacha mwenzake apige mpaka mikono ikawa mizito kama gunia la mihogo, kisha raundi ya nane akamwangusha. Safu ya "kuegemea kamba kwenye joto la Kinshasa" haikuwemo kwenye takwimu za mtu yeyote.

Ajabu ni kwamba Kigoma ililirudia pambano hilo bila kompyuta yoyote. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, kwa hiyo watu wa huku walilipata kwa redio na kwa maneno ya wasafiri wa ziwani. Mzee mmoja wa Ujiji aliniambia kwamba wiki ile kila mtaa ulikuwa na Ali wake na Foreman wake, na raundi ya nane ilichezwa tofauti kila nyumba. Wengine waliapa Foreman alipigwa dawa. Aliniambia: "Mwanangu, sisi hatukuliona lile pambano. Tulilitengeneza."

Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazofanya kazi ile ile ya Woroner kwa maelfu ya mabondia. Unachagua wawili, unabonyeza, raundi zinatiririka. Ninayo moja. Nilitaka kurudia pambano moja tu: Titus Simba dhidi ya John Conteh.

Kwa mliozaliwa juzi: Titus Simba ni bondia wa Tanzania aliyefika fainali ya uzito wa kati kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, mwaka 1970. Akapata fedha. Dhahabu ilikwenda kwa Conteh wa Uingereza. Miaka minne baadaye, tarehe 1 Oktoba 1974, Conteh alitwaa mkanda wa dunia wa WBC katika uzito unaofuata chini ya ule wa juu. Yaani Mtanzania wetu alikuwa ulingo mmoja na bingwa wa dunia mtarajiwa!

Nikatafuta kwenye programu. Conteh yupo, na kasi yake na konde lake. Simba hayupo.

Sababu si chuki. Programu hizi hula kumbukumbu za ngumi za kulipwa, na mabondia wetu wengi wa enzi ile walipigana ngumi za ridhaa. Rekodi zao zimebaki kwenye magazeti yanayoliwa na mchwa na vichwani mwa wazee. Usichoandikwa huwezi kurudiwa. Hata kupigwa tena huwezi.

Na si Simba peke yake. Stephen Muchoki wa Kenya alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978 kule Belgrade. Lakini Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal 1976 pamoja na Tanzania na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu ya timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Ikasusia tena Moscow 1980. Muchoki wa Montreal, Muchoki wa Moscow: hayo ni mapambano ya "kama" yenye uzito kuliko Marciano na nywele zake za bandia.

Na aliyekuja kutushawishi tusiende Moscow ni nani? Ali mwenyewe! Rais Carter alimtuma, akatua Dar es Salaam Februari 1980. Mwalimu Nyerere alikataa kumwona. Waandishi wakamuuliza mbona Marekani haikuunga mkono mgomo wetu wa 1976, na Ali akakiri kwamba hakuwa ameelezwa habari hiyo. Tanzania ikaenda Moscow, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Lile nalo lilikuwa pambano, na tulishinda kwa pointi.

Sisi watu wa Ujiji tulipaswa kulijua somo hili mapema. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapa hapa. Dunia nzima inajua salamu ambayo Stanley alisema aliitoa, ingawa wanahistoria wanaitilia shaka. Susi, aliyetoka mbio kumpokea mgeni kabla ya Livingstone, wangapi wanamtaja? Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti. Alikuwa na daftari.

Kwa hiyo kabla ya kubishana nani angeshinda, tuandike nani alipigana. Kama babu yako aliwahi kuvaa glovu, Kigoma, Tabora, Tanga au popote, muulize leo: alipigana na nani, mwaka gani, raundi ngapi, nani alianguka. Andika na tarehe. Mengine mashine itafanya.