Hitimisho la Insha ya Sababu na Matokeo: Mfano wa Usanifishaji wa Kiswahili

Aghalabu mtahiniwa huanza insha kwa kishindo, akazipanga hoja zake barabara, kisha aya ya mwisho akaandika: "Kwa hayo machache, nimeeleza sababu na matokeo." Hilo si hitimisho, ni kuaga tu.

Tuchukue swali hili: "Eleza sababu za Kiunguja kuteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na matokeo ya uteuzi huo." Uamuzi huo ulifikiwa katika mkutano wa Mombasa mwaka wa 1928, na mwaka wa 1930 kamati ya lugha ikaundwa kuusimamia. Tuseme umekwisha kutaja sababu tatu: misafara ya biashara ilikuwa imekieneza Kiunguja hadi bara; wamishenari kama Edward Steere walikuwa wamekiandikia sarufi; na watawala walihitaji lugha moja ya shule. Umetaja pia matokeo: tahajia moja, kamusi ya 1939, na Kimvita kuachwa nje ya vitabu vya shule licha ya ushairi wake wa tangu zamani.

Sasa hitimisha. Usizirudie hoja hizo, zipime. Jiulize: sababu ipi ilizibeba nyingine, nayo ilizaa tokeo lipi? Kwa mfano:

"Haja ya watawala ndiyo iliyofanya lahaja moja itafutwe, kuenea kwa Kiunguja bara ndiko kulikofanya kiteuliwe. Hivyo basi, Kimvita hakikuachwa kwa upungufu wa fasihi, bali kwa kuwa hakikuenea bara kama mwenzake. Ndiyo maana shule zilipata lugha moja, ilhali washairi wa Mombasa hawakuiacha lahaja yao."

Sentensi tatu tu, na sababu imefungwa na tokeo lake. Tanbihi: hapa si mahali pa ushahidi mpya. Ukitaka kuitaja Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla, iliyotungwa kwa Kimvita, itaje katika mwili wa insha.

Nawe mwalimu, usidhani jambo hili ni la kutafutia alama peke yake. Mwanafunzi aliyeorodhesha bila kupima atatoka akiamini kwamba Kiunguja kiliteuliwa kwa kuwa ni bora, na kwamba mwenzake wa Mvita asemaye "ndoo" badala ya "njoo" anaharibu lugha. Aliyepima anajua kwamba ni msafara uliopita njia nyingine.