Mapipa, Shaba na Utingo

Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, haukupita muda Zambia ikakatiwa mafuta yaliyopitia kusini. Tegemeo likawa barabara ya Dar es Salaam, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya udongo. Malori yalipanda Kitonga na mapipa ya mafuta, yakarejea pwani na shaba. Mvua zikinyesha, yalikwama au kupinduka. Kwa Kiingereza njia hiyo ikaitwa ya jahanamu.

Bomba la mafuta lilikamilika 1968, reli ya TAZARA 1975, navyo vinakumbukwa kwa majina ya marais. Lakini kabla yake, ukombozi wa kusini ulibebwa na dereva na utingo wake. Nao wahesabiwe miongoni mwa wapigania uhuru.