Kujenga kwa awamu Busia na Malaba: mjenzi ajue pa kusimama

Anayeingia Busia kwa barabara ya Kisumu, au Malaba kwa ile inayotoka Eldoret kupitia Bungoma, hukutana na nyumba kadha wa kadha zilizokomea njiani: kuta za matofali mekundu zilizofika usawa wa madirisha, nyasi zikimea panapotarajiwa kuwa sebule, na pembe za ukuta zilizoanza kuliwa na mvua. Wenye nyumba hizo si wavivu, wala si wote waliofilisika. Wengi wao ni wachuuzi, madereva, mawakala wa forodha na wakulima ambao mapato yao huja leo na kukosekana kesho, hivyo hujenga kadiri mfuko unavyoruhusu. Kosa lao mara nyingi ni moja tu, nalo ni kusimama mahali pasipofaa kusimama.

Kujenga kwa awamu si aibu, na kwa mwenye kipato kisichotabirika huenda kukawa afadhali kuliko mkopo. Hata hivyo, jengo lina vituo vyake. Kituo cha kwanza ni sakafu ya zege iliyokamilika juu ya msingi. Cha pili ni paa. Baina ya vituo hivyo viwili hakuna pengine pa kupumzikia kwa muda mrefu, kwani katika vijiji vingi vya mpakani kuta za matofali ya kuchoma huunganishwa kwa udongo, saruji ikipakwa kwenye viungo vya nje peke yake. Ukuta wa namna hiyo ukiwa chini ya paa hudumu miaka mingi. Ukiachwa wazi, maji huingia kwa juu, udongo huyeyuka, na msimu mmoja wa mvua kuanzia Machi hadi Mei hutosha kuutia mbenuko ambao hakuna lipu itakayouficha.

Kabla ya hayo yote kuna suala la ardhi, ambalo halistahili kurukwa hata kama muuzaji ni jamaa. Mnunuzi anapaswa kufanya upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi ya Busia. Ikiwa shamba ni la kilimo, idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi yafaa kuombwa katika muda wa miezi 6 tangu mkataba ufanywe, la sivyo sheria huuhesabu mkataba huo kuwa batili. Mke au mume wa muuzaji pia awe ameridhia. Malaba kuna tahadhari ya ziada: reli iliyofika Kampala mwaka 1931 hupita mjini humo, na ardhi ya pembeni mwa reli, sawa na ile ya pembeni mwa barabara kuu, haiuziki hata ikiwa imelimwa kwa vizazi viwili. Idhini ya kujenga nayo hutolewa na serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019.

UDONGO NA MSINGI

Ardhi ya mpakani hubadilika ghafla. Miinukoni kuna udongo mwekundu na murramu ambayo hukutwa karibu na uso wa ardhi. Upande wa Teso, majabali ya mawe magumu hujitokeza hadi kwenye mashamba ya mahindi. Mabondeni, kuelekea mito kama Sio, Malaba na Malakisi, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Ploti ya bondeni huuzwa kwa bei nafuu kwa sababu hiyo, na si ajabu mnunuzi akajipongeza kwa bahati aliyoipata hadi siku anapoona ufa ukipanda kutoka pembe ya dirisha.

Njia rahisi ya kuitambua ardhi ni kwenda kuitazama mwezi wa Januari au Februari, wakati wa ukavu. Nyufa zinazoweza kumeza vidole huonyesha kwamba udongo huo haufai kubeba msingi. Kisha mashimo mawili au matatu yachimbwe, kila moja likiwa na kina cha mita moja na nusu hivi. Udongo mweusi ukiwa tabaka jembamba, huondolewa wote na nafasi yake kujazwa murramu inayoshindiliwa kwa matabaka ya sentimita 15. Ukizidi kina hicho, heri mjenzi amwite mhandisi. Ada yake ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kubomoa.

Kwa nyumba isiyo ya ghorofa kwenye ardhi imara, mtaro wa msingi huwa na upana wa sentimita 60, na kina chake huamuliwa na ardhi yenyewe, si kamba ya fundi: huchimbwa hadi kufikia udongo mgumu. Mtaro usichimbwe kabla ya mawe, mchanga, kokoto na saruji kuwa tayari uwanjani. Mtaro uliochimbwa mwezi wa Februari na kungojea fedha hadi Aprili hugeuka kuwa kidimbwi, kuta zake huporomoka, na kazi huanza upya. Ukuta wa msingi upande angalau sentimita 15 juu ya ardhi, ndipo karatasi nzito ya plastiki ya kuzuia unyevu ilazwe na sakafu imwagwe. Hapo mjenzi anaweza kusimama hata mwaka mzima bila hasara.

MCHWA

Adui mwingine wa mpakani ni mchwa. Wateso na Waluhya wa eneo hili humjua vyema mdudu huyu, kwani kumbikumbi ni kitoweo kinachopendwa na kichuguu huwa na mwenyewe kama ulivyo mwembe. Mjenzi aliye na kichuguu katika ploti yake hujikuta njia panda, ila ushauri wa kiujenzi ni mmoja: kilicho chini ya nyumba au karibu nayo kichimbwe hadi malkia apatikane na shimo lishindiliwe vizuri. Kukisawazisha kwa jembe hakutoshi, maana mchwa watakijenga tena, safari hii ndani ya chumba cha kulala.

Udongo wa msingi unaweza kutiwa dawa ya mchwa kabla ya zege kumwagwa. Muhimu zaidi, fremu za milango zisichimbiwe ardhini, na sehemu ya chini ya ukuta wa nje ibaki bila lipu wala maua yaliyoegemea, ili vijia vya udongo vya mchwa vionekane mapema na kubomolewa. Oili chafu ya magari, ambayo haikosekani Malaba palipo na foleni za malori, hupakwa sana kwenye nguzo. Husaidia kwa muda, lakini kuimwaga kwenye mitaro ni kuyachafua maji ya visima ambayo familia hiyo hiyo itayanywa.

SARUJI YA NG'AMBO

Kuishi mpakani kuna faida yake. Kiwanda cha saruji cha Tororo, kilichoanzishwa miaka ya 1950, kiko mwendo mfupi tu kutoka Malaba, na bei za pande mbili hupishana kulingana na thamani ya shilingi za Kenya na Uganda. Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze kazi mwaka 2005, bidhaa zilizotengenezwa ndani ya jumuiya hiyo hazitozwi ushuru wa forodha iwapo asili yake imethibitishwa. Kodi ya ongezeko la thamani, hata hivyo, hubaki palepale. Kwa hivyo mjenzi apige hesabu ya bei, kodi na usafiri kwa pamoja kabla ya kuvuka.

Wapo wanaokwepa hesabu hiyo kwa kupitisha mifuko njia za panya, ikiwa imebebwa kwa bodaboda, chombo ambacho jina lake lenyewe husemekana kuzaliwa papa hapa mpakani. Mbali na kuvunja sheria, mjenzi wa aina hiyo hununua asichokijua. Mfuko uliolala kichakani usiku wa umande huwa umeanza kuganda, na uliofunguliwa na kushonwa upya huenda usifikishe kilo 50. Asiye na stakabadhi hana wa kumrudishia. Saruji nzuri haina madonge yasiyovunjika kwa vidole, na mfuko wake huonyesha tarehe ya kutengenezwa pamoja na daraja: 32.5 hutosha kwa kujengea ukuta na kupiga lipu, ilhali 42.5 hufaa zaidi kwa linta, nguzo na slabu.

Kipimo nacho kisiachiwe koleo la kibarua. Mfuko wa kilo 50 hujaza takriban lita 35, kwa hivyo sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 40, upana wa 35 na kina cha 25 hulingana na mfuko mmoja. Zege la linta huhitaji mfuko mmoja, masanduku 2 ya mchanga na 4 ya kokoto, na maji yasiyozidi lita 25. Mafundi wengi hupenda zege la majimaji kwa kuwa ni jepesi kumwaga, lakini maji ya ziada hulipunguzia nguvu. Baada ya hapo zege linyweshwe maji na kufunikwa kwa siku zisizopungua 7.

AKIBA ISIYOOZA

Kwa anayejenga kidogo kidogo, swali kubwa ni jinsi ya kuhifadhi fedha anapongoja awamu ijayo. Wengi huzigeuza kuwa vifaa, na hilo ni jambo la busara iwapo vifaa ni vile vinavyokaa. Mawe na kokoto hazizeeki. Matofali yaliyoiva, yanayolia kama kengele yakigonganishwa, hukaa miaka yakifunikwa. Mbao za mkaratusi hata hufaidika kwa kungoja, kwani zikipigiliwa mbichi hujipinda na kupasuka. Zipangwe kivulini, vipande vidogo vikiwekwa kati ili hewa ipite. Mabati hukaa pia, mradi yasimamishwe mahali pakavu, maana yakilazwa pamoja yakiwa na unyevu hufanya kutu jeupe kabla ya kuliona paa.

Saruji haimo katika orodha hiyo. Hata ikihifadhiwa vizuri juu ya mbao, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake baada ya miezi 3. Kwa sababu hiyo, utaratibu unaofaa ni kununua mabati na mbao kwanza, kisha matofali, na saruji mwisho, wiki ileile ya kazi. Mwenye mabati ghalani ataweza kuinua kuta mwezi wa Desemba na kuziezeka kabla ya Machi. Asiye nayo, asianze ukuta.

Wakati wa kununua mabati, ikumbukwe kwamba namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30. Dhoruba za eneo hili zina upepo mkali, hivyo mbao za paa zifungwe kwa ukanda wa chuma uliozamishwa ndani ya linta au ukuta, wala zisitegemee misumari pekee. Isitoshe, kanda ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi mno duniani, na bati peke yake si kinga. Kinga ya radi huhitaji waya mnene unaoshuka hadi ardhini, uliowekwa na fundi wa umeme mwenye leseni.

Paa likishakaa, maji yake yasipotee. Milimita 20 za mvua juu ya paa la mita 60 za mraba ni lita 1,200, kabla ya kutoa yanayopotea njiani. Tangi likikingwa mapema, maji hayo hutumika kunyweshea lipu na sakafu za awamu inayofuata. Choo cha shimo nacho kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa mteremko, na sakafu ya shimo ibaki mita 2 juu ya maji ya ardhini. Penye jabali karibu na uso wa ardhi, kama ilivyo sehemu nyingi za Teso, shimo refu halichimbiki. Huko choo huinuliwa juu ya ukuta mfupi wa mawe na kupandwa kwa ngazi, nalo shimo hujengewa mlango nyuma wa kutolea uchafu.