Kiu ya Injini: Pampu, Mipira na Mazoea ya Kabureta

Historia ya magari ya kasi hapa Kenya huandikwa kwa majina ya madereva. Joginder Singh, Shekhar Mehta, Patrick Njiru, Ian Duncan: yataje mbele ya mzee yeyote aliyewahi kusimama kando ya barabara ya vumbi siku za Pasaka, naye atakueleza gari, rangi yake na namba iliyokuwa mlangoni. Muulize mafuta yalitokaje kwenye tangi hadi kwenye injini, atakuangalia kama mtu aliyeulizwa jina la mpishi wa harusi ya mwaka wa 1973.

Hiyo ndiyo historia ninayotaka kuisimulia. Sababu ya kwanza ni kwamba nguvu ya gari, tangu mwanzo, imepimwa na kiasi cha mafuta kinachoweza kuifikia injini. Sababu ya pili ni kwamba kutoijua historia hii kunaunguza watu, na mmoja wao namfahamu.

Tuanze na gari lisilo na pampu. Ford Model T, lililotoka mwaka wa 1908, lilikuwa na tangi chini ya kiti cha mbele. Mafuta yaliteremka yenyewe hadi kwenye kabureta, kama maji ya tangi la juu ya nyumba. Palipokuwa na mlima mkali na mafuta yamepungua, tangi lilijikuta chini kuliko kabureta na injini ikazima. Madereva wakapata dawa: waligeuza gari na kupanda mlima kinyumenyume. Watu hucheka wakisikia hivyo, lakini somo lake halijapitwa na wakati. Injini yenye afya kabisa inaweza kufa kwa kiu huku petroli ipo.

Baadaye ikaja pampu ya kusukumwa na injini yenyewe. Ndani yake mna utando wa mpira. Kamshafti inapozunguka inausukuma mkono mdogo, mkono unauvuta utando, na mafuta yanafyonzwa kutoka nyuma ya gari. Ni kifaa rahisi, unakifungua kwa bisibisi. Waingereza nao walikuwa na pampu ya umeme ya SU, ile inayolia tik tik tik ukiwasha swichi, na mafundi wengi wa zamani waliisikiliza kama daktari anavyosikiliza moyo. Zote mbili zilitoa presha ndogo sana, kama PSI 3 hadi 5. Tairi la gari lako la kawaida lina PSI 30. Kwa presha kama hiyo, mpira wowote uliokazwa kidogo ulitosha, na ukikosa klipu ulifunga kwa waya au kwa utepe wa tyubu ya baiskeli.

Mwaka wa 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakaanzishwa mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Hapo ndipo magari ya Ulaya yalipokutana na mambo ambayo wahandisi wao hawakuwa wakiyafikiria sana. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku juu presha ya hewa imepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Kimiminika huchemka upesi zaidi presha ikipungua. Sasa chukua petroli, ambayo huchemka upesi hata bila kusaidiwa, ipitishe kwenye paipu iliyo karibu na injini yenye moto, halafu weka pampu inayoifyonza. Kufyonza kwenyewe kunapunguza presha ndani ya paipu. Petroli inageuka mvuke humo humo njiani, na pampu iliyotengenezwa kuvuta kimiminika haiwezi kuvuta mvuke. Gari linakohoa, linasimama. Unafungua boneti, unamwaga maji juu ya pampu au unaifunika kwa kitambaa kilicholowa, unangoja. Dakika kumi baadaye linawaka kana kwamba halijawahi kuugua.

Kitambaa chenye maji ni dawa ya njiani. Dawa ya kudumu ni kuacha kufyonza na kuanza kusukuma: weka pampu ya umeme nyuma, karibu na tangi, mahali penye baridi, ili paipu yote iwe na presha badala ya upungufu wa presha. Angalia Datsun. 240Z ilishinda Safari mwaka wa 1971 ikiwa na Edgar Herrmann, na mwaka wa 1973 ikiwa na Shekhar Mehta. Gari hilo la dukani lilikuwa na pampu ya kusukumwa na injini, na wenye nalo katika nchi za joto walijua jinsi lilivyochemsha mafuta. Lilipofuata 260Z, likaongezewa pampu ya umeme huku nyuma. Kwenye magari ya mashindano, wengi walifunga pampu mbili na swichi kwenye dashibodi. Moja ikifa katikati ya nyika, dereva anabonyeza na safari inaendelea.

Mipira na paipu navyo vilihama. Gari la kawaida hupitisha paipu ya mafuta chini ya sakafu. Jiwe moja la barabara zetu linatosha kuipasua. Kwa hiyo waundaji wa magari ya rally wakaipitisha ndani, miguuni pa watu. Ukifikiri kidogo utaona walibadilisha hatari moja kwa nyingine, maana sasa petroli inapita pale alipoketi dereva. Kanuni za FIA zinajibu hatari hiyo kwa ukali: paipu ya mafuta inayopita ndani haitakiwi kuwa na kiungo humo, isipokuwa kwenye kuta za mbele na nyuma, na mpira unaotumika lazima uvumilie presha ya bar 70 kabla ya kupasuka. Bar 70 ni zaidi ya PSI 1,000. Kanuni ya namna hiyo haiandikwi na mtu anayewaza tu.

Wakati huo huo, mambo mengine yalikuwa yanabadilika kimyakimya. Mwaka wa 1967 kampuni ya Bosch ilileta mfumo wa D-Jetronic kwenye Volkswagen: kabureta imeondolewa, mafuta yananyunyizwa kwa nozeli zinazoongozwa na umeme. Ili yanyunyizike vizuri, presha ikapanda hadi karibu bar 2, yaani karibu PSI 30. Mifumo iliyofuata ikazoea bar 3, kama PSI 43. Hesabu mwenyewe: kutoka PSI 4 hadi 43 ni zaidi ya mara kumi. Kwa macho, paipu ni ileile nyembamba na mpira ni uleule mweusi. Mtu akifungua boneti haoni kilichobadilika.

Hapa kwetu mabadiliko hayo yalichelewa kufika gereji. Kizazi kizima cha mafundi kilisomea kwenye Peugeot 504, gari lililoshinda Safari mwaka wa 1975 na 1978 na likabeba abiria wa masafa marefu kila kona ya nchi. 504 nyingi zilikuwa za kabureta. Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, ilikuwa chuo chao. Walijifunza kunyonya petroli kwa mdomo, kuchomoa mpira na kuutega kwenye chupa ili waone kama mafuta yanakuja, kukata kipande cha mpira wowote unaoingia. Miaka ya 1980 Kenya ilipochanganya petroli na spiriti ya miwa kutoka Muhoroni, walijifunza pia kwamba spiriti hulainisha mipira ya zamani na kubandua uchafu wa tangi hadi filta inaziba. Yalikuwa maarifa ya kweli. Yalifanya kazi, na yaliendesha nchi.

Halafu turbo ikaja. Toyota Celica zenye turbo zilishinda Safari mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Mwaka wa 1990 Patrick Njiru alimaliza wa 8 kwa Subaru Legacy ya kundi N, lile la magari yanayokaribia sana ya dukani. Nadhani siku hiyo ndiyo mapenzi ya Wakenya kwa Subaru yalipoota mizizi. Impreza WRX ilitoka Japani mwaka wa 1992 ikiwa na nguvu za farasi 240, na kadiri magari ya mitumba yalivyozidi kuteremka bandarini Mombasa, kijana wa Nairobi akaweza kununua kitu ambacho baba yake alikiona kikipita tu.

Na kijana akishanunua, hatosheki. Anataka 300, anataka 350. Hapo ndipo hesabu ya kiu inaporudi. Injini ya turbo ikikanyagwa hadi mwisho hula zaidi kidogo ya theluthi moja ya lita kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi. Farasi 240 wanataka kama lita 88 kwa saa. Farasi 350 wanataka karibu 130. Lakini kuna mtego. Turbo inaposukuma hewa kwa bar 1, hewa hiyo inaisukuma nozeli kutoka upande wa pili, kwa hiyo presha ya mafuta nayo lazima ipande kwa bar 1, kutoka 3 hadi 4. Na pampu yoyote, presha ikipanda, hutoa mafuta machache. Ina maana pampu ya zamani inachoka wakati uleule injini inapodai zaidi. Mafuta yakipungua na hewa ikabaki vilevile, joto ndani ya silinda linapanda, injini inagonga, na pistoni ya alumini inayeyuka ukingoni. Haichukui muda, mteremko mmoja wa barabara kuu unatosha.

Ndiyo maana watu hununua pampu kubwa, na jina utakalolisikia sana ni Walbro 255. Hiyo 255 ni lita kwa saa, lakini ni lita za kwenye presha fulani na umeme wa kutosha. Ukiifunga kwa waya uleule mwembamba wa kiwandani, umeme unapotelea njiani na pampu inazunguka polepole. Fundi mzuri huvuta waya mpya mnene kutoka kwenye betri, akaweka rilei na fyuzi yake. Pampu za bandia nazo zimejaa, zimeandikwa jina lilelile na kufungwa kwenye boksi lilelile. Anayekuuzia kwa robo ya bei hajakupa zawadi.

Lakini pampu si nusu ya habari. Kwenye Subaru, pampu inakaa ndani ya tangi, imezama, na inaunganishwa kwa kipande kifupi cha mpira. Mpira wa kawaida umetengenezwa uvumilie petroli kwa ndani, si kwa nje. Ukiuzamisha unavimba, unalainika, na baada ya miezi unapasuka humo gizani. Gari linakosa nguvu na mwenyewe anailaumu pampu mpya. Upo mpira maalumu wa kuzama tangini, na bei yake iko juu. Vivyo hivyo kwa mipira ya kule mbele: iliyotengenezewa kabureta na iliyotengenezewa nozeli zimeandikwa namba tofauti ubavuni. Ya kwanza ni R7, ya pili R9. Hiyo ndiyo tofauti yote inayoonekana.

Fundi ninayemfahamu, ambaye sitamtaja jina, alijifunza kazi kwenye 504. Siku moja aliletewa Impreza iliyokuwa imezimwa muda huo huo. Alitaka kuona kama mafuta yanafika, akalegeza klipu na kuchomoa mpira kwenye filta, kama alivyofanya maisha yake yote. Kwenye kabureta mafuta yangedondoka. Kwenye mfumo wa nozeli, presha hubaki ndani ya paipu hata swichi ikizimwa. Petroli ilimrukia mikononi na kifuani, ikaifikia taa ya balbu aliyokuwa ameitundika kwenye boneti. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji tena. Aliniambia, "Miaka ishirini nimechomoa huo mpira na hakuna kitu kilinifanyia." Alikuwa anasema kweli, na sikuona cha kumjibu.

Wengi humsikia mtu kama huyo wakasema ni uzembe, ati mafundi wetu hawajasoma. Mimi naona alisoma vizuri sana, ila darasa lake lilihamishwa bila yeye kuambiwa. Wahandisi wa Ulaya na Japani walipandisha presha mara kumi na kuandika hivyo kwenye vitabu vya gereji, lakini magari yalikuja kwetu mitumba, na vitabu vilibaki kwa mwenye gari wa kwanza. Tulirithi injini bila maelezo yake. Fundi akajaza pengo kwa mazoea, kwa kuwa mazoea ndiyo kitabu pekee alichokuwa nacho.

Maelezo yaliyobaki njiani si marefu. Kabla ya kufungua paipu yoyote ya mafuta kwenye gari la nozeli, chomoa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini uiache izime yenyewe, jaribu kuiwasha tena mara moja, halafu funika kiungo kwa kitambaa unapokilegeza. Taa iwe ya LED iliyofungwa, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono. Kazi ikiisha, washa pampu bila kuwasha injini na upapase kila kiungo kabla ya kutoa gari barabarani.

Fundi wangu sasa huwafundisha hivyo vijana wawili anaofanya nao kazi. Hatua hizo ameziandika kwa chaki ukutani, juu ya benchi, na kila mvua ikizifuta huziandika upya kwa mkono wa kushoto.